Shule zetu zinahitaji afisa ustawi wa jamii, mwalimu wa unasihi peke yake hatoshi

#1 Ustawi_Kata (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma nyuzi nyingi humu kuhusu utoro, mimba za wanafunzi na viboko, na karibu zote zinaishia kwenye mvutano uleule. Wazazi wanawalaumu walimu, walimu wanawalaumu wazazi, kisha wote wanaigeukia serikali. Afisa ustawi wa jamii hatajwi kabisa. Mimi nafanya kazi hiyo ngazi ya kata, Tanzania Bara, na leo nataka nieleze kwa urefu kwa nini naamini inatakiwa iingie shuleni rasmi. Bila hivyo tutaendelea kuwachapa watoto kwa mambo yaliyoanzia kwa watu wazima. Mifano nitakayotoa nimeibadilisha hapa na pale ili mtoto yeyote asitambulike.

Nianze na daftari la mahudhurio, maana hapo ndipo ninapoanzia kila nikifika shule. Ukimuuliza mwalimu wa darasa kuhusu watoro atakutajia majina. Majina hayatoshi. Chukua daftari lenyewe, pitisha kidole mstari kwa mstari, uangalie siku. Kuna mtoto anayekosa kila siku ya mnada, huyo ana mifugo ya kuswaga au mzigo wa kubeba. Kuna binti wa darasa la saba anayekosa siku tatu nne kila mwezi, zikifuatana, na huyo ama hana taulo za kike ama choo cha shule hakina maji. Kuna anayefika asubuhi lakini baada ya mapumziko haonekani. Mara nyingi ametoka nyumbani hajala na shule haina uji.

Shule moja niliwakuta ndugu wawili, mkubwa darasa la tano, mdogo la nne. Niliyaweka madaftari yao sambamba mezani. Siku aliyopo mkubwa, mdogo hayupo. Siku aliyopo mdogo, mkubwa hayupo. Ilikuwa hivyo mwezi mzima. Kila mwalimu alikuwa na mtoro wake na kila mmoja alikuwa anamchapa wa kwake. Nyumbani kulikuwa na jozi moja ya viatu, na kwenye shule hiyo mtoto asiye na viatu alikuwa anarudishwa getini.

Viatu vilipatikana wiki hiyohiyo, kupitia kamati ya shule na fundi mmoja wa pale senta. Muda wote huo alikosekana mtu mmoja tu ambaye ni kazi yake kuyaweka madaftari mawili pamoja, halafu akatembea mpaka kwenye ile nyumba.

Najua kuna watakaosema hiyo ni kazi ya mwalimu wa malezi na unasihi, yaani yule aliyepewa jukumu la kuwashauri wanafunzi. Nawaheshimu sana walimu hao. Mpango wa Shule Salama, ulioingia sekondari kupitia SEQUIP na msingi kupitia BOOST, miradi ya serikali ya kuboresha elimu, umewapa wengi wao mafunzo ambayo zamani hayakuwepo. Lakini tazama mazingira yao. Mwalimu huyu ana vipindi kama wenzake, ana zamu, ana madaftari ya kusahihisha. Mtoto anayeitwa kwake kueleza siri ndiye aliyechapwa naye juzi kwa kuchelewa namba. Chumba cha faragha hakuna, kwa hiyo wanaongelea kwenye kona ya ofisi ya walimu huku wengine wanasikia, au kwenye stoo yenye majembe na mipira. Na hata mtoto akifunguka, uwezo wa mwalimu unaishia getini. Hawezi kumwita baba wa kambo aje ajieleze.

Afisa ustawi anaweza, kwa sheria. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kifungu hichohicho kinampa afisa ustawi nguvu ya kumwita anayelalamikiwa, kujadiliana naye na kutoa uamuzi kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Mtu akikaidi, shauri linakwenda mahakamani. Hali ikiwa ya hatari, afisa akiongozana na polisi anaweza kuingia kwenye nyumba na kumpeleka mtoto mahali salama. Mwalimu hana hata kimoja katika hivyo, na si haki kumtwisha mzigo bila kumpa zana.

Sasa nije kwenye kaya, maana wengi wanadhani tunakwenda kukagua. Kumtembelea mtu kwake kuna adabu zake. Huendi na mwalimu wa nidhamu wala mgambo kama hakuna hatari. Unapiga hodi, unasalimia, unakaa unapoonyeshwa, na jambo lililokuleta unaliacha kwanza.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa analala darasani, akiamshwa anakuwa mkali. Shuleni walishamwandikia barua ya onyo, na minong'ono ilikuwa kwamba anavuta bangi. Nilipofika kwao nikamkuta bibi yake amekaa kizingitini anapepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamuuliza habari za mjukuu, akasema yupo, hajambo, basi. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mahindi. Alipotaka kunipa kigoda niliona mkono wake unapapasa ukutani kwanza, unashuka, unatafuta. Na ule mchele alioupepeta ulikuwa na mawe mengi vilevile. Bibi alikuwa haoni. Mjukuu ndiye aliyekuwa anachota maji usiku, anapika alfajiri, anamwongoza chooni, na usiku analala nusu macho asije akaanguka. Bibi alificha kwa sababu aliamini serikali ikijua itamchukua mtoto impeleke kituoni, naye abaki peke yake.

Kumbe ilikuwa mtoto wa jicho. Wazee wasiojiweza wana msamaha wa matibabu, na barua zake zinapitia kwetu ustawi. Alifanyiwa upasuaji hospitalini, jicho moja kwanza. Katika kipindi cha kusubiri, mtendaji wa mtaa alikaa na jirani mmoja, mama mtu mzima, akakubali kuwa anakuja asubuhi. Kijana akaanza kulala usiku. Ile barua ya onyo niliomba iondolewe kwenye faili lake, na mkuu wa shule, nampongeza kwa hilo, aliiondoa mbele yake.

Hakuna somo la unasihi ambalo lingetibu macho ya yule bibi. Ndiyo maana nasema kazi ya ustawi shuleni ni kutembea kati ya darasa na nyumba, na kuijua milango yote ya katikati: hospitali, mtendaji, TASAF (mfuko unaosaidia kaya maskini), Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mahakama.

Kwa nini basi hatupo shuleni? Shule ya serikali inaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Sera na mitaala viko Wizara ya Elimu. Ustawi wa jamii, tangu Januari 2022, uko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na kabla ya hapo ulikuwa pamoja na Afya. Afisa ustawi mwenyewe ni mwajiriwa wa halmashauri ileile, ofisi yake inaweza kuwa mlango wa tatu kutoka idara ya elimu, lakini ratiba yake haina siku ya shule. Siku zake zinaliwa na migogoro ya ndoa, matunzo ya watoto, ukaguzi wa vituo vya kulelea watoto mchana, makao ya watoto, misamaha ya wazee na taarifa za uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya mahakama ya watoto. Kata nyingi hazina afisa kabisa, mmoja anabeba kata kadhaa na usafiri hana. Shule inamkumbuka mkono ukishavunjika au mimba ikishaonekana.

Hali ni mbaya zaidi kwenye sekondari za kata. Zilipojengwa kwa wingi kuanzia MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004, zilisogeza elimu karibu, lakini kwa vijijini "karibu" bado ni mwendo mrefu kwa miguu. Matokeo yake ni mageto. Binti wa miaka kumi na nne anapanga chumba senta, mzazi yuko kijijini, analetewa unga na mafuta kila baada ya wiki mbili. Unga ukiisha kabla ya wiki mbili kutimia, kuna mtu wa bodaboda anayejua umeisha. Nani anakagua mageto? Mwenye nyumba anataka kodi. Shule inasema hapo si eneo lake, na mzazi anaamini mwanawe yuko chini ya uangalizi wa shule. Nimepita kwenye vyumba ambavyo mlango wake haufungi kwa ndani, na anayelala humo ni mtoto wa kidato cha pili.

Nakaribisha michango. Walimu, wazazi, maafisa wenzangu, semeni.

#2 Mwl_Hesabu

Mkuu, umeandika vizuri, lakini naomba nikuambie ukweli kutoka darasani. Nina mikondo miwili yenye watoto wengi kiasi kwamba nikipita kusahihisha, kipindi kinaisha sijafika nusu. Hapohapo mimi ndiye mwalimu wa unasihi, niliteuliwa kwenye kikao kwa sababu nilikuwa sijapewa jukumu la ziada. Mafunzo nilipata, nashukuru. Ila mtoto akiniambia jambo zito usiku silali, na asubuhi natakiwa niingie kufundisha magazijuto.

Shida yangu na nyinyi watu wa ustawi ni moja. Nikiripoti, mnakuja na gari la halmashauri, mnaandika, mnaondoka. Mimi nabaki kijijini. Baba wa mtoto anajua nani alisema. Mwenzangu wa shule jirani alihamishwa baada ya kuripoti jambo lililomgusa mtu mwenye jina pale kijijini.

#3 Ustawi_Kata

Mwalimu, hilo la mwenzako nalipokea na linaniuma. Ukisema "mnakuja na gari, mnaondoka" umegusa hasa hoja yangu. Afisa anayekuja mara moja kwa tukio hawezi kumlinda mwalimu. Afisa anayejulikana pale shuleni, mwenye siku yake ya kila wiki, anayeongea na watoto wengi kwa mambo mengi, madogo kwa makubwa, akienda nyumba fulani hakuna atakayejua nani alimtuma. Huenda alikuwa anafuatilia daftari, huenda viatu. Mazoea yake pale ndiyo yanayokuficha wewe.

Kwa sasa, ukiwa na taarifa, una namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na huhitaji kupita kwa mtu wa kijijini. Na usikubali kuwa peke yako: MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uliweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya kata na kijiji. Najua kuna kata ambako kamati hiyo iko kwenye karatasi tu. Omba kwa maandishi kwa mtendaji ikae, nakala kwa afisa elimu kata. Barua yenye mhuri wa kupokelewa inasaidia sana siku mambo yakigeuka.

#4 Mama_Wawili

Naomba niulize kama mzazi, msinishambulie. Huku mtaani kwetu ukisikia "ustawi" unajua mambo mawili: ama mume hatoi matunzo, ama watoto wanachukuliwa. Wanangu wanalelewa na mimi mwenyewe, nauza chapati na maharage asubuhi, natoka saa kumi usiku. Mkubwa ndiye anamwandaa mdogo. Mkija kwangu saa kumi na mbili mtawakuta watoto peke yao. Mtaandika nini? Kwamba nimewatelekeza? Naona mnataka kutuongezea mtu wa kutuhukumu.

#5 Ustawi_Kata

Mama, asante kwa kuuliza waziwazi, maana wengi wanaogopa hivyohivyo kimyakimya, kama yule bibi.

Kumtoa mtoto kwenye familia yake ni hatua ya mwisho kabisa, na haikamiliki bila mahakama. Sheria inaanza na haki ya mtoto kuishi na wazazi wake. Mimi nikija kwako na kukuta mkubwa anamvalisha mdogo sare, chai ipo kwenye chupa, mlango una komeo, ninachoandika ni kwamba mama huyu anajitahidi na anahitaji mtu mzima mmoja wa jirani wa kuchungulia kati ya saa kumi na saa moja. Halafu nakuuliza wewe unamwamini nani hapo mtaani, sikuchagulii mtu. Kama kipato kiko chini sana naangalia kama kaya yako imo kwenye mpango wa TASAF, na kama haimo, lini mtaa utafanya utambuzi.

Kutelekeza ni jambo jingine. Kutoka saa kumi usiku kwenda kuwatafutia wanao pesa za daftari, hakuna afisa mwenye akili timamu atakayekuita mtelekezaji.

#6 Mdau_Ohio

Salaam kutoka Columbus. Huku nafanya ukalimani mashuleni kwa familia za Wakongo wanaoongea Kiswahili, wengi wao walipita kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Shule anayosoma mwanangu ina mtaalamu wa ustawi wa jamii ambaye ofisi yake iko ndani ya jengo, watoto wanaingia kama wanavyoingia maktaba.

Kuna kisa kimoja kiliniingia. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa anaficha chakula cha mchana kwenye begi kila siku. Mwalimu aliona uchafu, mtaalamu akaona mtoto aliyekulia kwenye mgao wa kambi. Tulikwenda kwao, mimi nikitafsiri, na mama akaeleza kwamba kambini posho ilipopunguzwa ndivyo walivyoishi. Shule ikampa mtoto kopo la kuhifadhia chakula na ikamhakikishia kwamba kesho kipo. Hakuadhibiwa.

Kwa faida ya uzi: kazi hii hapa ilianza 1906 na 1907, Boston, Hartford na New York, kwa "walimu watembeleaji" waliokuwa wakienda majumbani, wengi wa wenyeji wao wakiwa wahamiaji. Chama cha taaluma hiyo Marekani kinapendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 250. Shule nyingi hata hapa hazifikii hapo, hivyo tusidhani wenzetu wamemaliza.

#7 Kiboko_ya_Mambo

Mnalea mayai. Sisi tulichapwa na tukasoma. Mtoto akijua kuna mtu wa kumtetea ofisini, nidhamu imekwisha. Na pesa za kuajiri watu hao zitatoka wapi wakati walimu wa sayansi hawatoshi?

#8 Ustawi_Kata

Mkuu, hoja ya viboko naijibu kwa kanuni zetu wenyewe. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilivyorekebishwa 2002, zinasema visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Tembelea shule yoyote uombe hicho kitabu. Ukikipata, hesabu mistari, kisha waulize watoto. Msimamo wangu binafsi ni kwamba kiboko kiondoke kabisa, kama Kenya walivyokiondoa 2001, lakini hata asiyekubaliana nami anapaswa kutaka kanuni iliyopo ifuatwe. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya vijana walipitia ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, na karibu wasichana watatu katika kila kumi walipitia ukatili wa kingono. Kama kuchapwa kungewalinda watoto, namba hizo zisingekuwa hivyo.

Kuhusu pesa, siombi afisa kwa kila shule kesho asubuhi. Naomba afisa wa kata apewe siku mbili za shule kwa wiki, ziandikwe kwenye mpango kazi wake na apimwe kwa hizo. Mkuu wa shule alazimike kumpa taarifa mtoto akikosa wiki mfululizo, kabla ya barua ya kumfukuza haijafikiriwa. Shule itenge chumba, hata kidogo, chenye mlango. Elimu bila ada ilianza 2016 na watoto wengi wakaingia, wakiwemo wale ambao umaskini ulikuwa umewaacha nje. Tulijiandaa kwa madawati na madarasa. Shida walizokuja nazo kutoka nyumbani hazikupewa mtu wa kuzishika.

#9 Mwl_Mara

Naongeza kutoka huku kwetu, Tarime na Serengeti. Kwetu hatari ina kalenda na kalenda hiyo ni ya shule. Likizo ya Desemba ndiyo msimu wa ukeketaji. Novemba unaona mabinti wa darasa la tano na la sita wanabadilika, mwingine anaulizia kama anaweza kubaki kusoma masomo ya ziada, mwingine analia bila sababu. Ukeketaji wa mtoto ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, lakini binti wa miaka kumi na mbili hawezi kwenda polisi dhidi ya nyanya yake.

Huku kuna nyumba salama zinazowapokea, na maafisa ustawi wanafanya kazi kubwa sana kipindi kile, nawashuhudia. Kinachokosekana ni Januari. Binti akirudi kwao anaitwa majina, anatengwa kwenye maji, hata mezani. Anarudi shule akiwa ameokolewa mwili na kila kitu kingine kimevunjika. Hapo ndipo tungemhitaji mtu wa ustawi pale shuleni kila wiki, wa kukaa na binti na kukaa na familia mpaka wazoeane tena.

#10 Ustawi_Kata

Mwalimu wa Mara, umenena jambo ambalo mimi sikulifikisha. Kuokoa kunapewa uzito na magari, kurudisha nyumbani hakupewi kitu.

Ni hivyohivyo kwa mabinti waliojifungua. Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, alitangaza kwamba wanaweza kurudi kwenye mfumo rasmi, na waraka ukatoka. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini mkuu wa shule akisema "karibu tena", bado kuna swali la nani anabaki na mtoto mchanga, anyonye saa ngapi, na baba wa binti amesamehe au bado anasema hatoi hata senti kwa "mama mtu". Maswali hayo yanajibiwa sebuleni kwao, watu wakiwa wamekaa. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo mpaka taa ikawashwa. Baba wa kwanza kuongea huwa mkali, na mara nyingi shangazi ndiye anayefungua njia. Binti mmoja alirudi shule kwa sababu shangazi alisema mchana mtoto atakuwa kwake, basi, mjadala ukaisha.

#11 Mhitimu_Ustawi

Wakuu, mimi ni mhitimu wa Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Taasisi ipo tangu 1973, na kila mwaka tunatoka na vyeti, stashahada na shahada. Wengi wetu tuko mtaani. Nilifanya mafunzo ya vitendo kwenye shule ya msingi kwa sababu ofisi ya halmashauri ilikuwa imejaa wanachuo. Wiki ya kwanza watoto waliniogopa, walidhani ni mwalimu mpya. Nikaacha kukaa ofisini, nikawa nakaa kwenye foleni ya bomba wakati wa mapumziko. Hapo bombani ndipo nilipojua nani anafuatwa na nani njiani, nani hajala, nani kaka yake yuko mahabusu.

Naunga mkono hoja. Kama ajira hazitoshi, wanachuo wa mwaka wa mwisho wapangwe mashuleni chini ya usimamizi wa afisa wa kata. Kazi ipo na watu wapo.

#12 Ustawi_Kata

Mdogo wangu, hilo la bombani liandike, wafundishwe na wengine. Na wazo lako la mafunzo ya vitendo ni zuri, kwa sharti moja: mtoto asizoee mtu kwa wiki nane halafu atoweke. Lazima afisa wa kata awe anajulikana kwa mtoto tangu mwanzo ili mwanachuo akiondoka, uzi usikatike.

#13 Mwl_Hesabu

Nimerudi wakuu. Mkuu Ustawi, nina jambo la sasa hivi. Mwanafunzi wangu wa kike, kidato cha pili, anaishi geto. Ameniambia kuna mtu wa bodaboda anamlipia kodi tangu mwezi uliopita. Hakusema zaidi, ila analia, na ameniapisha nisimwambie mtu. Nimwite mzazi? Nimfuate huyo kijana stendi? Nipeni mwongozo.

#14 Ustawi_Kata

Mwalimu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuchukua hatua. Stendi usiende. Akijua ameshitukiwa atamhamisha binti au atamtisha, na ushahidi utapotea.

Kesho mtafute binti wakati wa kawaida, usimwite kwa jina mstarini. Mwambie ukweli: siri hii huwezi kuibeba peke yako, utamwambia mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumlinda, na hakuna kitakachotangazwa shuleni. Usimhoji maswali ya ndani. Alichokwambia tayari kinatosha. Kiandike kwa maneno yake mwenyewe, weka tarehe na saa, kifungie mahali ambapo wewe tu una ufunguo.

Kuhusu mzazi, subiri kidogo kwanza ijulikane nyumbani kwao wanajua nini. Nimeona familia zinazojua na zinapokea, na hizo ukiwaita mapema wanayamaliza kinyumbani kwa ng'ombe wawili, halafu binti anafundishwa kukana. Ana chini ya miaka 18, kwa hiyo kama kuna ngono hapo, ni kosa la kubaka hata kama anasema alikubali. Ikitokea mimba au ndoa, Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016 inataja kifungo cha miaka 30. Familia zinalijua hilo na ndiyo sababu haraka ya kuficha inakuwa kubwa.

Akikuambia kuna jambo limetokea ndani ya siku tatu zilizopita, usisubiri mtu yeyote. Afike kituo cha afya ndani ya saa 72, maana dawa za kumkinga na VVU hazifanyi kazi baada ya hapo. Mwalimu wa kike aongozane naye, fomu ya PF3, ile ya polisi kwa ajili ya matibabu, itafuatiliwa Dawati la Jinsia.

Jambo la mwisho ni chumba. Kodi ya mwezi ujao itadaiwa, na kama hakuna mtu mwingine wa kuilipa, atarudi kwa yuleyule. Uliza kama shule ina nafasi hosteli, au kama kuna mwalimu wa kike au familia ya kuaminika karibu na shule ya kumpokea kwa muda kwa makubaliano yatakayoandikwa na afisa ustawi.

Nitumie ujumbe wa faragha uniambie uko halmashauri gani, nikuunganishe na afisa wa huko asubuhi kabla ya vipindi. Jina la mtoto na la shule usiyataje humu.